Kazi za kikundi chuoni: alama moja kwa wote ni haki, au ni kuwabeba wategeaji?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu, chuo sitakitaja, na nina donge kooni.

Muhula huu tulipangwa watu kumi na wawili kundi moja, kwa kufuata orodha ya majina. Mada tulipewa wiki tatu kabla. Kikao cha kwanza pale vimbwetani (viti vya nje vya kujisomea) walikuja saba, cha pili wanne, cha tatu tukabaki mimi na dada mmoja na tochi ya simu. Tukaandika wawili, nikachapa, nikalipia steshenari kwa hela yangu, na kwenye jalada nikaorodhesha majina yote kumi na mawili na namba zao za usajili, maana ukimwacha mtu utaitwa roho mbaya mpaka siku ya mahafali. Siku ya prezentesheni akatokea ndugu mmoja ambaye hajawahi kukanyaga kikao. Kavaa suti, anaomba asome utangulizi. Kiingereza kimenyooka, sauti ya redioni. Mwalimu akatupa 15 kwa 20, akamsifu yeye mbele ya darasa zima. Wote tukapata 15.

Hoja yangu: kila mtu apewe alama yake. Kwetu kazi za muhula zinabeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Hizo 40 ndizo zinazomwokoa mtu na sapu, yaani kurudia mtihani, na wengine zinawaokoa wasidisko, yaani wasiondolewe chuo kabisa. Kwa nini aokolewe aliyelala?

Nawasilisha.

Mdau, mwaka wa pili

Mkuu, majina kumi na mawili umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, halafu unamlaumu mwalimu? Mwongo wa kwanza ni wewe.

Mleta mada

Nakubali. Ila wewe hujawahi?

Mdau, mwaka wa pili

Kila muhula 😂

Mhadhiri

Nafundisha, kwa hiyo nitasema jambo ambalo wenzangu hawapendi lisemwe. Chukua darasa la wanafunzi 400. Nikimpa kila mmoja kazi yake na kutumia dakika kumi kwa kila karatasi, nasahihisha zaidi ya saa 66. Nikiwaweka kumi kumi, nina karatasi 40, na chini ya saa saba nimemaliza. Makundi mengi mnayopangiwa hayatokani na mapenzi ya ushirikiano, yanatokana na hesabu hiyo. Ndiyo maana maswali yake mara nyingi ni yale ambayo mtu mmoja analimaliza usiku mmoja. Watu kumi ukiwapa kazi ya mtu mmoja, tisa watakaa, tena hata si kwa uvivu: hakuna cha kufanya.

Na msidhani kutegea kumeanza na simu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliovuta kamba. Wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Mtu angesema labda wanakosa mpangilio, mmoja anavuta mwenzake anapumua. Basi mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakarudia jaribio kwa ujanja: wakamfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kabisa ya kamba, na waliokuwa nyuma yake wakajifanya tu wanavuta. Akalegeza. Kudhani tu kwamba wapo wengine kulitosha. Ila majaribio mengine yaliyofuata yalionyesha kitu cha kutupa moyo: watu wakijua kwamba mchango wa kila mmoja unapimwa na kuonekana, kutegea kunapungua sana.

Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono nusu. Mchango uonekane, ndiyo. Lakini alama ya kila mtu nitaitoa wapi? Nifungue baraza la kusikiliza mashitaka ya watu 400? Ninachofanya mimi ni kupanga watu wanne au watano, basi, na msemaji simjui mpaka asubuhi ile. Majina yapo kwenye kofia, naokota moja, huyo ndiye anayesimama na alama yake ni ya wote. Tangu nianze hivyo, makundi yameacha kukutana ili kugawana kurasa. Yanakutana ili kumfundisha yule anayeelewa kidogo kuliko wote, kwa sababu huenda kofia ikamtoa yeye.

Mdau, mwaka wa pili

Hiyo kofia ni kamari, mwalimu.

Mwalimu wa msingi niliyerudi chuo

Shikamoo mwalimu. Kofia yako naipenda, lakini mimi ndiye ninayeiogopa, ngoja nikueleze kwa nini.

Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, kwa Kiswahili. Watoto wangu walipovuka kwenda kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza, na nimewaona waliokuwa hodari wa kuuliza wakigeuka mabubu. Sasa yamenikuta mimi. Kikaoni tunajadili kwa Kiswahili, na nasema bila kujisifu, mara nyingi hoja ninayoileta ndiyo inayobaki kwenye kazi. Ikifika zamu ya kusimama mbele ya projekta, najikuta nasoma slaidi neno kwa neno. Si kwamba sielewi. Najua nikiinua macho, sentensi itanikatikia njiani na vijana wa nyuma watacheka. Wa suti tunaye hata darasani kwetu: yeye hasomi slaidi, lakini siku aliyoulizwa swali moja la pembeni alizunguka dakika mbili bila kujibu, na bado akapigiwa makofi.

Kwa hiyo kabla hatujaulizana nani kategea, tuulizane tunapima nini pale mbele. Kama tunapima ulimi, tuseme. Kama tunapima kuelewa, dakika tano za mwisho ziwe za maswali, mtu ajibu kwa lugha anayoiweza, na hizo ndizo zibebe alama nyingi. Mhadhiri mmoja alituruhusu hivyo muhula uliopita. Mada yenyewe tuliiwasilisha kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, maswali tukayajibu vyovyote. Darasa lilichangamka mpaka kipindi kilichofuata kikachelewa kuingia, na vijana wawili ambao sikuwahi kusikia sauti zao walibishana na mwalimu wakamshinda.

Mhadhiri

Marahaba. Hapo umenipiga. Kofia nabaki nayo, na dakika za maswali nazichukua.

Msomaji wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu kazi za muhula aghalabu ni 30, mtihani 70, lakini kilio ni kilekile. Sisi tulijaribu fomu ya kupimana: kila mwanakikundi anampa mwenzake alama kwa siri. Tulikubaliana kabla ya kujaza, sote tukapeana kumi kwa kumi. Muhula uliofuata mhadhiri akaja na mbinu kali zaidi, kila mtu ana pointi 100 awagawie wenzake apendavyo. Tulikuwa watano, kila mmoja akawapa wanne wengine 25, 25, 25, 25. Alicheka, akakata tamaa. Hakuna anayetaka kumchoma mtu atakayekaa naye hosteli moja miaka minne.

Kilichosaidia ni kidogo mno kuliko fomu. Kabla ya kuanza tuliandika karatasi moja: nani anatafuta takwimu, nani anachora jedwali, nani anaunganisha maandishi yawe na sauti moja (kazi hii watu huidharau, na ndiyo inayofichua kazi iliyoshonwa kwa viraka), na kila sehemu ina tarehe. Tukampa mhadhiri nakala siku hiyohiyo. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kushtakiana, karatasi ilikuwa nayo yeye.

Fundi ujenzi

Mnajisumbua. Kwenye saiti mtegeaji anaambiwa kesho usije. Kundi lipewe ruhusa ya kumfukuza mtu, basi. Akafanye kazi yake peke yake.

Mleta mada

Naunga mkono fundi mia kwa mia.

Niliyefukuzwa

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni mtegeaji, nakiri, na nimewahi kutolewa kwenye kundi kama fundi anavyotaka.

Mkopo sikupata mwaka wa kwanza. Nakaa Mbagala, na kuanzia saa kumi na mbili jioni nachoma chipsi kwenye banda la kaka yangu mpaka saa sita usiku. Vikao vyenu vyote ni saa mbili usiku vimbwetani, kwa sababu nyie mnakaa hosteli na saa mbili ndiyo mmeshakula. Asubuhi saa kumi na moja mimi nipo kwenye daladala, saa moja kasoro nipo chuoni, maktaba haijafunguliwa, nina saa nzima na simu. Ningeweza kuchapa kazi nzima. Ningeweza kutafuta marejeo yote. Hakuna aliyeniuliza.

Mleta mada

Sasa kaka, si ungesema?

Niliyefukuzwa

Niliandika kwenye grupu la WhatsApp saa saba usiku, nilipofunga banda. Nilipoamka nikakuta nimeshatolewa.

Msomaji wa Nakuru

Na kwenye jalada jina lako liliwekwa?

Niliyefukuzwa

Liliwekwa. Nilipata 15 kama wengine. Sijui mpaka leo aliyeniandika ni nani.

Mleta mada

Ndugu, naomba nikuulize faragha. Kundi lenu mlikuwa wangapi?