Hivi "leo mawimbi yako poa" ni sababu ya kukacha mambo mengine?

mke_wa_mtelezaji: Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana nishachoka kununa. Mume wangu anateleza mawimbi, nilimkuta na ubao wake na sijawahi kumkataza, ila siku hizi tukipanga kitu akachungulia simu asubuhi akakuta bahari imechangamka basi imekwisha hiyo, kikao cha shule ya mtoto naenda mwenyewe, fundi bomba namsubiri mwenyewe, jioni anarudi macho mekundu kwa chumvi anacheka peke yake, "mke wangu mawimbi hayaningoji, kikao kitakuwepo tena". Nyie mnaoteleza semeni ukweli, kweli hamna namna ya kujua mapema au napigwa changa la macho?

ubao_mrefu: Shemeji unapigwa, ila nusu. Mawimbi mazuri hayazuki tu pale ufukweni, yanazaliwa na dhoruba huko mbali baharini halafu yanasafiri. Yale yanayopishana kwa sekunde 16 hivi, msafara wake unakwenda kama kilomita 45 kwa saa, sasa dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 4,000 piga hesabu, ni siku tatu na ushee ndo yafike, na utabiri wote huo anao kwenye simu. Maji kujaa na kupwa ndo kabisa, jedwali lake linatoka mwaka mzima kabla. Kinachotusumbua ni upepo, ukitoka nchi kavu wimbi linasimama safi, ukigeuka ukatoka baharini linavurugika, na huo unaweza kubadilika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kwa hiyo saa kamili hawezi kujua, lakini kwamba Jumamosi kutakuwa na kitu, Jumatano alishajua akanyamaza.

chumvi_tupu: @ubao_mrefu mkuu mbona unatoboa siri za chama?? Shemeji muelewe kidogo, kuna sehemu zinataka mawimbi yaje na uelekeo wake, upepo wake na maji yake vyote kwa pamoja, ukikosa siku hiyo unaweza kukaa miezi. Hata yale mashindano ya Eddie Aikau kule Waimea, Hawaii, mawimbi yasipofika kama mita 12 ukipima uso wa wimbi toka chini hadi kileleni hawafanyi, toka 2016 yakaja kufanyika tena 2023. Bahari haina kalenda.

ubao_mrefu: Umetaja mwenyewe 😂 na hayo ya 2023 alishinda nani? Luke Shepardson, mwokoaji wa ufukweni, na siku hiyo alikuwa zamu! Akawa anaingia majini kwenye mapumziko yake kisha anarudi mnarani kulinda watu. Sasa mtu kachukua ubingwa bila kukacha zamu, wewe unashindwa kikao cha shule?

mke_wa_mtelezaji: Jamani nimemsomea hiyo ya sekunde 16 kakaa kimyaaa, halafu anauliza nani kaniambia. Tumekubaliana akiona kitu kwenye utabiri anasema siku hiyohiyo, na mimi nitahamisha kinachohamishika. Ila fundi bomba alikuja saa tisa mchana, hiyo nayo?

chumvi_tupu: Saa tisa na jua lote lile? Mara nyingi upepo wa baharini unakuwa umeshapanda umevuruga kila kitu. Hapo mumeo hakuwa majini, alikuwa kijiweni anatusimulia ya asubuhi.