Kuchagua mbegu ya maharage: nihesabu maganda au nipime punje?

Mbozi_Shamba: Habari wakuu. Nina robo ekari ya maharage ya kienyeji, mchanganyiko wa rangi tatu, ndiyo yanajaza maganda. Nataka kutenga mashina ya mbegu. Niangalie urefu, maganda au ukubwa wa punje? Mizani ya gramu ipo.

Pingili: Mkuu, anza na maganda. Mavuno ya shina ni maganda, mara punje kwa ganda, mara uzito wa punje. Katika hayo, maganda ndiyo yanayotofautiana zaidi na mara nyingi ndiyo yanayokwenda sambamba na mavuno. Uzito wa punje una hila: punje zikinenepa, maganda mara nyingi hupungua, maana chakula cha majani ni kilekile. Piga hesabu: maganda 8, punje 3.5, punje 100 zina gramu 40. Hizo ni gramu 11.2 kwa shina. Nafasi ya sm 50 kwa 10 inaingiza mashina kama 80,000 kwa ekari. Yakivunwa 60,000, ni kilo 672.

Mbozi_Shamba: Na urefu?

Pingili: Urefu peke yake si kitu. Hesabu vifundo na matawi, maganda yanatokea hapo. Shina refu lenye majani tele mara nyingi ni kivuli au naitrojeni iliyozidi. Litalala, maganda yaguse udongo, yaoze.

Kipepeo77: Naongezea. Shina la pembeni au lililo jirani na pengo usilihesabu kabisa, linakula sehemu ya wawili. Chukua lenye majirani pande zote. Maganda matupu ya juu hayamo kwenye hesabu. Kila shina lipurwe peke yake, liwe na bahasha yake, na upime punje ikiwa kavu, jino lisiingie. Punje mbichi ni maji tu unayapima.

Mizizi: Hamjagusa la msingi. Maharage hujichavusha yenyewe. Ingekuwa aina moja safi, tuseme Lyamungo 90, tofauti ya shina na shina ingekuwa ya udongo na nafasi, hairithiwi. Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alilionyesha hilo mwaka 1903, tena kwa maharage: ndani ya ukoo mmoja safi (uzao wa shina moja), punje kubwa na ndogo zilitoa uzao wenye wastani uleule. Wako ni mchanganyiko, kwa hiyo kuchagua kutalipa, ila hukumu ukoo, si shina. Tenga mashina 20, msimu ujao kila moja lipate mstari wake.

Mbozi_Shamba: Punje 28 za shina moja zitatosha?

Mizizi: Zinatosha. Panda 12 upande mmoja wa shamba na 12 upande mwingine, sm 10 kwa punje, zilizobaki weka akiba. Ukoo ulioongoza pande zote mbili ndio wa kuzidisha. Uliong'ara upande mmoja tu, huenda ni rutuba ya pale.

Kipepeo77: Na funga uzi kwenye mashina sasa hivi, majani yakiwa mabichi. Yakishakauka hutaona mozaiki (ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka). Lenye mozaiki, au madoa meusi yaliyobonyea kwenye ganda (chule), liache hata likiwa na maganda 20. Yote mawili husafiri na mbegu.