Afrika kupewa viti viwili Baraza la Usalama BILA turufu (veto): hii si dharau ni nini?

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo naongea.

Kijiweni kwetu karata huchezwa kila siku baada ya Alasiri. Wachezaji ni wazee wabishi, na kuibiana karata ni jadi yao. Lakini kuna jambo hata mwizi wao mkubwa hathubutu: kujimilikisha turufu. Mchezo huu turufu kopa, unaofuata shupaza, bahati yako. Mzee aseme kopa ni turufu yake tangu leo mpaka Kiyama, atarushiwa ndala.

Sasa tazameni New York, kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Turufu ya kule ni veto: mwenye nayo akisema hapana, azimio linakufa hata wengine wote wakikubali. Tangu 1945 turufu wanayo walewale: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Karata hazijachanganywa hata mara moja. Mwaka 1965 waliongeza viti vya wapita njia, vya miaka miwili miwili, Baraza likafika wajumbe 15, basi.

Matokeo yake mliyaona Novemba 2024. Tarehe 18 likaletwa azimio la Sudan, mapigano yasimame na raia walindwe. Nchi 14 zikakubali, Urusi peke yake ikakataa. Likafa. Tarehe 20, meza ileile, azimio la kusitisha vita Gaza. Nchi 14 zikakubali, Marekani peke yake ikakataa. Likafa nalo. Siku mbili tu! Wale wanaotukanana kila kukicha, kumbe mchezo wao mmoja. Algeria, Msumbiji na Sierra Leone walikuwemo ukumbini, wakapiga kura ya ndiyo mara zote mbili. Wangebaki nyumbani wakalala ingekuwa tofauti gani?

Najua kuna mjuaji atakuja kuniambia kwamba siku hizi ukitumia turufu, Baraza Kuu, lile la nchi zote, linakutana ndani ya siku kumi za kazi kujadili. Ni kweli mkuu, tangu Aprili 2022. Mtu anakupiga teke la uso, halafu wiki ijayo anapanda jukwaani na karatasi kueleza kwa nini mguu wake haukuwa na kosa. Asante sana.

Ila kilichonitibua hasa ni ile ya Septemba 2024. Balozi wa Marekani kule, Linda Thomas-Greenfield, akatangaza nchi yake inaunga mkono Afrika ipate viti viwili vya kudumu. Jirani yangu karibu apige kigelegele. Nikamwambia subiri, soma mpaka chini. Bila turufu! Na mama wa watu hakuficha, alikiri kwamba wenye nayo hakuna anayetaka kuiachia, wao wakiwemo. Yaani unakaribishwa kwenye karata, unawekewa kiti chenye mto, halafu unaambiwa kazi yako kuhesabu pointi. Afrika ilishasema tangu 2005 kwenye Makubaliano ya Ezulwini, msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika: viwili vya kudumu, na turufu juu, maadamu wengine wanayo.

Na sisi Watanzania hatuhitaji kuhadithiwa turufu inavyouma. Mwaka 1971 China ya Beijing ilipopewa kiti cha China Umoja wa Mataifa, kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taiwan, balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alishangilia waziwazi. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George H. W. Bush. Miaka kumi baadaye Salim anagombea ukatibu mkuu, Bush ni makamu wa rais. Jumlisheni wenyewe. Marekani ikamzuia Salim, China ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria, katibu mkuu aliyekuwepo, kura zikarudiwa mara 16, mwisho akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Mzee wetu alikuwa na sifa zote, ila alikosa idhini ya mtu mmoja mwenye kinyongo.

Nikiwa mkweli, na sisi tuna ya kwetu. Miaka yote tangu Ezulwini hatujakubaliana nani akakalie hivyo viti. Nigeria anajiona yeye, Misri naye yeye, Afrika Kusini ndiyo usiseme. Hilo tukigusa hapa uzi utafika kurasa 40 na matusi juu, kwa hiyo naliacha.

Karibuni. Ila anayekuja kutetea turufu aanze kunieleza 1 inaizidije 14, na asinitumie picha ya Vita Kuu ya Pili. Nimeshaziona.