Debaga yenye madirisha: nikompaili kila kitu kutoka Linux, au ninunue laptopu ya Windows?

Fundi_Tononoka
Assalaam aleikum, wanajukwaa. Nina debaga yenye madirisha, yaani programu ya kutafutia makosa katika programu nyingine. Kwa kweli ni sura tu iliyowekwa juu ya GDB, debaga inayotumiwa kwa kuandika amri, nami nimeiongezea dirisha linaloonyesha rejista, zile hifadhi ndogo za ndani ya prosesa, kwa maelezo ya Kiswahili. Vijana ninaowafundisha wanaitaka katika kompyuta zao, na kompyuta hizo hazifanani. Kuna duka nililowekewa laptopu ya Windows iliyokwisha kutumika, na muuzaji ameniahidi kutoiuza hadi Jumamosi. Je, niinunue ili nikompaili (nigeuze msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) humo humo, au nibaki na mashine yangu ya Debian, ambayo ni Linux, na kukompaili kutoka hapo kwa ajili ya mifumo yote?

Maalim_Kibokoni
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza nauli bila kusema uendako. Hukutuambia sura hiyo imeandikwa kwa maktaba gani ya madirisha, Qt, GTK au Tk, hukutaja prosesa za mashine za vijana, wala hukusema hiyo laptopu ina RAM kiasi gani. Tena debaga si kama programu nyingine. Programu ya kawaida huulizwa itaendeshwa wapi, basi. Debaga huulizwa pia itachunguza programu za mashine ipi. Ndiyo maana katika kuisanidi GDB unakuta --build, yaani mashine inayokompaili, --host, mashine itakayoiendesha debaga, na --target, mashine ambayo programu zake zitachunguzwa. Ukikosea hiyo ya mwisho utapata debaga inayofunguka vizuri kabisa, kisha inalikataa faili lako.

Bint_Likoni
Mimi nasema nunua, kwa sababu ya yaliyonifika mwaka jana. Mteja wangu alikuwa Shimanzi nami nakaa Likoni. Nilikompaili kwa MinGW, kompaila ya kutengenezea programu za Windows, nikiwa Linux, nikajaribu ndani ya Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, ikafunguka bila kasoro, nikaitia kwenye flashi nikavuka feri. Kule nikabonyeza mara mbili, kikatokea kile kisanduku chenye msalaba mwekundu kikisema faili la maktaba, libstdc++-6.dll, halipo. Laptopu ya kazi nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa hiyo nikavuka tena. Nilipofika ndipo nikagundua kwamba WINEPATH, orodha ya folda ambamo Wine hutafuta faili, nilikuwa nimeielekeza kwenye folda ya MinGW, na Wine ilikuwa ikiokota kila kitu huko bila kuniambia.

Kesho yake nikaenda na faili hilo pamoja na libgcc_s_seh-1.dll na libwinpthread-1.dll, nikajiona nimemaliza. Dirisha halikufunguka: Qt ikalalamika kwamba haioni programu-jalizi ya jukwaa la Windows, kwa kuwa qwindows.dll sharti ikae ndani ya folda iitwayo platforms, kando ya programu yenyewe. Nikavuka tena. Siku ya tatu madirisha yote yakafunguka, karani akaniletea kahawa, nikaipakia programu ya mteja, na badala ya mistari ya msimbo wake nikaona maagizo ya prosesa matupu. Kumbe wao walikompaili kwa Visual Studio, ambayo taarifa zake za uchunguzi huziweka katika faili za PDB, na GDB haizisomi. Yenyewe inataka muundo mwingine, uitwao DWARF. Kahawa niliimaliza, lakini sikuweza kumtazama karani usoni.

Nahodha_Mtwapa
Pole sana, dada, lakini kwa heshima zote kosa si la kukompaili kutoka Linux. Mambo mawili ya kwanza ni ya ufungashaji, na yangekupata vilevile kama ungekompaili kwenye Windows moja na kuhamishia kwenye nyingine. La tatu hata halihusiani. Mimi natumia MXE, ambayo inakompaili MinGW, Qt na maktaba zake zote kutoka kwenye msimbo, na ukichagua aina ya static, ambayo maktaba huingizwa ndani ya programu yenyewe, unapata faili moja tu la kuwapa watu. Inakula diski na inachukua saa nyingi, hilo sikatai. Stima ikikatika, washa tena na uendelee pale ulipofikia.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, Qt 6 ina vifaa kama moc, rcc na uic ambavyo huendeshwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo lazima uwe pia na Qt ya Linux na uielekeze kwa QT_HOST_PATH. Pili, pkg-config, kifaa kinachoiambia kompaila maktaba ziko wapi, usipoielekeza kwingine itakupa maktaba za Debian yako, na utashinda mchana kutwa ukijiuliza kwa nini kiunganishi kinakataa.

Maalim_Kibokoni
Ukiwa na build, host na target tatu zilizo tofauti, wenyewe wanaita mtindo huo wa Kanada, kwa sababu jina lilipotafutwa nchi hiyo ilikuwa na vyama vitatu vya kitaifa. Na kwa nini tunasema debaga, ilhali tuna neno kitatuzi?

Bint_Likoni
Maalim, kitatuzi hutatua. Hiki changu kilinionyesha matatizo tu.

Fundi_Tononoka
Shukrani. Samahani, nilisahau kueleza: sura ni ya Qt 6. Vijana wanne wana Windows, mmoja ana Mac yenye prosesa ya Apple, na vifaa vya mazoezi ni kompyuta ndogo za Raspberry Pi Zero za toleo la kwanza, ambazo hazina skrini.

Nahodha_Mtwapa
Hapo ungeanzia, ndugu! Kama Zero hazina skrini, usihangaike kukompaili madirisha kwa ajili yake. Weka humo gdbserver, programu ndogo inayopokea amri za GDB kutoka mbali, na debaga ibaki kwenye laptopu ikizungumza nayo kwa mtandao. Tena hiyo gdbserver ichukue kwenye hazina ya Raspberry Pi OS kwa apt. Prosesa ya Zero ya kwanza ni ya kizazi cha ARMv6, lakini kompaila ya armhf inayokuja na Debian hulenga kizazi kipya zaidi, ARMv7, na programu utakayoitoa huko inaweza kufa palepale kwa agizo lisilojulikana. Mimi nilidhani kadi ya SD imeharibika, nikanunua nyingine. Kwenye Debian yako gdb-multiarch, GDB inayoelewa prosesa za aina nyingi, inatosha; GDB ya kuwapa wenye Windows ndiyo utakayoikompaili kwa --enable-targets=all.

Msafiri_Nyali
Kuhusu Mac, GDB haina uwezo wa kuchunguza programu za mashine hiyo yenyewe kwenye prosesa za Apple. Huko ni LLDB, debaga nyingine. Kwa hiyo kijana huyo ataitumia kwa Zero tu. Mimi nisingenunua chochote. Mradi ukiwa wa wazi kwa umma, GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, inakupa mashine za Windows, Mac na Linux bila malipo, kila moja ikompaili ya kwake.

Fundi_Tononoka
Bando langu litaisha kwa kupakua majaribio yaliyoshindwa. Ila gdbserver nimeijaribu usiku huu: nimesimamisha programu kwenye mstari wa 41 wa Zero nikiwa kitini, na dirisha langu la rejista likajaa. Sura ya Windows ndiyo bado inanisumbua, na muuzaji amepiga simu.

Maalim_Kibokoni
RAM ni kiasi gani?

Fundi_Tononoka
GB 4, Maalim.

Bint_Likoni
Inatosha, mradi usikompaili Qt humo. Weka MSYS2, ambayo ina Qt na GDB zilizokwisha kompailiwa, wewe ukompaili sura yako tu. Na angalau utaiona ikifunguka kwenye Windows ya kweli kabla ya kuwapa watu.

Nahodha_Mtwapa
Kwa kuiona ikifunguka tu, si aazime ya mmoja wa wale vijana wanne?

Bint_Likoni
Na siku ya somo kijana atumie nini?