Nyumba ya marehemu baba iliyoko Katuba, Lubumbashi: baba mdogo anataka kuiuza

Kutoka Liège

Jamboni, ndugu zangu. Baba yetu ametutoka Lubumbashi. Matanga hayajaondolewa, baba mdogo amempigia kaka simu: lupango (kiwanja na nyumba) la Katuba linauzwa, mnunuzi yupo. Tuko watoto wanne, watatu wanawake. Anasema mwanamke aliyeolewa hana kitu kwao. Mama bado anakaa humo. Tufanye nini?

Kutoka Lille

Pole sana mdogo wangu, wewe na mama. Njia hiyo nimeipita kwa nyumba yetu ya komini ya Kenya, hapo hapo Lubumbashi.

Kode ya familia ya Kongo (DRC), yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, haimtengi mtoto wa kike. Watoto wote wanachukua robo tatu ya urithi kwa mafungu sawa, awe ameolewa au la, amezaliwa ndani ya ndoa au nje, mradi baba alimtambua. Robo inayobaki ni ya mama, ya wazazi wa marehemu na ya ndugu zake, kila kundi sehemu 1 ya 12 ya urithi wote. Kwa hiyo baba mdogo ana chake pamoja na ndugu zake, msimfukuze, ila hicho hakimpi ruhusa ya kuuza. Na ikiwa baba na mama waliinunua nyumba ndani ya ndoa bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, nusu ya mama inatoka kwanza, ndipo urithi ugawanywe.

Kwetu desturi zinachanganyika. Kwa Waluba mali hufuata upande wa baba, kwa Wabemba mwipwa humrithi mjomba wake, na wote tumekaa lupango moja. Kode ni moja kwa wote. Mwambieni baba mdogo hayo kwa heshima, mbele ya wazee, si kwa simu.

Lakini msichelewe. Mnunuzi akishapata sertifika (hati ya umiliki) kwa jina lake, sheria ya ardhi ya 1973 inawapa miaka 2 tu ya kuipinga. Ikipita, mnabaki kudai fidia. Kwa sisi wa ng'ambo miaka miwili ni likizo mbili.

Kaeni watoto, mkubaliane nani awe likidateri, yaani msimamizi wa kugawa urithi. Msipopatana, kwa sheria ni mrithi mkubwa kwa umri. Kisha kila aliye nje aandike hati ya uwakili na kuipeleka ubalozi wetu wa Kongo igongwe muhuri. Mimi nilituma yenye muhuri wa notera (mthibitishaji wa hati) wa huku peke yake, ikarudishwa, nikapoteza miezi miwili nzima huku watu wakipima kiwanja chetu. Iliniuma sana.

Kutoka Liège

Asante yaya, mkubwa wangu. Nina pasipoti ya Ubelgiji tangu zamani. Inaniharibia?

Kutoka Lille

Inagusa, mdogo wangu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, na kwa sheria ya ardhi, haki ya kudumu ya ardhi hupewa Mkongomani tu. Haki ya kurithi haifutiki kwa pasipoti, lakini muulizeni avoka (wakili) mapema fungu lako liandikwe namna gani. Usifiche. Upande wa baba mdogo wakilijua wenyewe tribinalini (mahakamani), watalitumia dhidi ya dada zako pia.

Kutoka Liège

Kaka amefika leo kwa konservateri, msajili wa hati za ardhi. Sertifika bado iko kwa jina la baba. Jumamosi tunakaa na wazee, mama akiwepo.