"Nimekupunguzia kidogo": fundi kaikata miguu skrini yangu na mimi nikamshukuru kwa mdomo wangu

Mama Zulfa
Jamani naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Yule fundi. Jina sitaji, Jinja nzima inamjua, yule wa penseli sikioni ambayo tangu nimjue sijawahi kuona akiandikia kitu.

Nina skrini ya kukunja, au niseme nilikuwa nayo, paneli nne za mvule. Ilitoka kwenye nyumba ya zamani pale Main Street, zile walizoacha Wahindi 1972 Amin alipowapa siku tisini, sasa nyumba inabomolewa na wale vijana wanarusha mbao nje kama kuni za msiba. Nikatoa laki sita na nusu, mume wangu hakunisemesha siku mbili. Lakini nakshi yake! Matundu matundu, jua la jioni likipita pale ukuta wote unaota maua, mpaka wageni wanasahau chai. Na chini kabisa msafara wa tausi kumi na wawili, nimewahesabu, kila mmoja na miguu yake na kucha zake.

Bawaba mbili zikalegea. MBILI. Nikampa abadilishe bawaba, sikumpa kingine. Jana saa kumi ananipigia: "Hajati kazi imeisha, nimekupunguzia kidogo." Sasa nyie, mtu akikwambia amekupunguzia unaelewa nini? Si bei?? Nikamwambia Mungu akuzidishie baba, nikamwombea yeye, watoto wake, na mama yake mzazi aliyeko kijijini nikamwombea miguu yake ipone.

Kumbe amepunguza SKRINI. Kwa msumeno. Tausi wote kumi na wawili hawana miguu, wamekaa kama kuku wanaotamia. Ukiangalia pale alipokata ni njano kama ndizi bogoya iliyomenywa, juu yake kahawia ya miaka na miaka. Namuuliza kwa nini, ananiambia ilikuwa haipiti mlangoni. Skrini ya KUKUNJA. Ilipita mlango huohuo mwezi wa tatu, ikalazwa, ikaingia. Halafu akanikabidhi kaveera, mfuko wa plastiki, ina vile vipande, "hivi vya sigiri Hajati." Miguu ya tausi nikaangie maandazi!

Nimekupunguzia kidogo. Usiku sijalala.

Bint Bombo
Nimecheka nimeamsha mtoto 😂😂 kwa hiyo mama yake miguu imepona ya kwako imekatwa

Kijana wa Ndeeba
Tusikilize na upande wa pili. Mteja analeta kitu futi saba, mlango wake futi sita na nusu, fundi afanye nini, abomoe nyumba? Wateja hampimi halafu mnakuja kulia mtandaoni.

Mama Zulfa
Kijana wa Ndeeba soma tena. INAKUNJWA. INALAZWA. Wewe kitanda chako kiliingia chumbani kimesimama?

Mzee Makavu
Kwanza turekebishe lugha. Hiyo siyo antiki, wauzaji wa vitu hivi antiki wanahesabu kuanzia miaka mia. Kama nyumba ni ya miaka ya 1950 hiyo ni vinteji tu, usijipandishe. Pili hujaonewa peke yako. Zile skrini kubwa za laka za China wanazoziita Coromandel, jina ni la pwani ya India zilikopitia kwenye meli, zilipofika Uingereza karne ya 17 mafundi walizikatakata wakatengeneza makabati na fremu za vioo, wakaunganisha vipande hovyo mpaka watu wakaonekana vichwa chini miti juu. Wewe tausi wako angalau wamebaki kichwa juu.

Mama Zulfa
Mzee Makavu sikuitaja antiki mahali popote. Halafu hao wa Uingereza walipigiwa simu wakaambiwa wamepunguziwa? Waliombea mama wa mtu?

Bint Bombo
Mimi nimesikia Coco Chanel naye ukuta wake kule Paris ulijaa hizo Coromandel, kazifanya kama wallpaper. Mama Zulfa bandika tu ukutani, miguu ya nini

Fundi Halisi
Dada pole. Inatengenezeka. Tafuta mvule mkavu, siyo mbichi ya juzi, uunge kwa meno yanayoingiliana na gundi, usikubali misumari. Ile njano usiipake rangi haraka, mvule ukikaa kwenye mwanga unakolea wenyewe. Na hivyo vipande USICHOME, hapo ndipo kuna nakshi yako.

Mama Zulfa
Mungu akuzidi... hapana, simwombei fundi tena. Asante.

(Vipande viwili mama wa kazi alishawashia asubuhi. Nimebaki na miguu ya tausi saba.)

Kijana wa Ndeeba
😂😂😂 saba!! Wengine watano watembelee magongo

Nnalongo K
Nyie mnalia skrini, mimi je? Nilipamba sebule kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, ukuta mzima, lubugo halisi ya mti wa mutuba iliyogongwa kwa nyundo, ileile iliyoandikwa na UNESCO 2008 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nikasema na mimi nionekane mtu. Shemeji yangu kaingia na mkungu wa matoke, kauona ukuta, kaudondosha, kaanza kulia "nani kafa?" Majirani wakasikia. Watu wameanza kuchanga, nimerudisha hela za rambirambi nyumba kwa nyumba.

Mzee Makavu
Shemeji ana haki. Baganda wanazikia lubugo, wewe umevisha ukuta sanda.

Bint Bombo
Nnalongo hizo hela ulirudisha zote kweli??

Nnalongo K
Bint Bombo tuheshimiane. Zote. Isipokuwa za yule ambaye hakuwa nyumbani.

Kijana wa Ndeeba
Afadhali nyie mna kuta zenu. Landlord wangu Bwaise kapiga marufuku msumari, hata kalenda nimeiegemeza kwenye jerikani. Juzi kaja kukagua kama nimetoboa, kagusa ukuta, plasta ikaanguka yenyewe, kanidai mimi.

Nnalongo K
Huyo ni yule wa shati la mistari? Namjua! Alinidai taa ambayo haikuwepo

Kijana wa Ndeeba
HUYOHUYO

Mama Zulfa
Jamani kuhusu fundi. Amenipigia tena sasa hivi, anadai elfu themanini, ananiambia "Hajati bei ileile sikukupunguzia." SASA ndiyo hajanipunguzia!

Mzee Makavu
Nnalongo huyo landlord si ndiye mwenye kile kibanda cha rolex, chapati ya kukunjia mayai, pale karibu na steji ya boda?

Nnalongo K
Ndiyeye. Na mayai mawili anakuuzia kama matatu.