Sakafu ya chokaa inachubuka: tuikinge vipi?

Swali: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, ina sakafu ya chokaa ambayo viatu vya wageni vimeikwaruza mlangoni, na paka wetu wameiachia madoa ya mkojo. Tufanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Kinachokwaruza hasa ni mchanga unaonasa chini ya viatu, kwani chembe zake ni ngumu kuliko chokaa; basi viatu vivuliwe dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, na ufagie kabla ya kupiga deki.

Jibu: Mkojo ukaushwe mara moja kwa kitambaa, kisha papanguswe kwa maji ya sabuni kidogo. Siki na ndimu, nakusihi, usitie kabisa, maana asidi huila chokaa. Kwangu ndimu iliacha kovu jeupe, la kukwaruza, lenye ukubwa wa kisahani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Ndimu nilikuwa nimeshaikata.